Guizhi na Neno la Kumvua Mwenyekiti

Mara ya kwanza walikwenda kuomba, na hilo ndilo lilikuwa kosa lao.

Watu wa Liushugou wamezoea kuomba. Waliwahi kumwomba ofisa wa nafaka awaachie mbegu, akacheka akazipakia. Wakamwomba mkubwa wa barabara awajengee daraja, akaja akapima, akala kuku, akaenda zake. Wakubwa walibadilika, kofia zao zikabadilika, lakini sauti ya kuomba ilibaki ileile, na mikono ileile imekunjwa mbele ya tumbo. Kwa hiyo Tian Baocang, mwenyekiti wa kijiji, alipowakodishia wachimba kokoto Mgongo wa Kaskazini, mlima walikolala babu na bibi zao wote, bila kuitisha hata mkutano wa kudanganyia, watu walifanya kitu pekee walichokijua. Waliandika ombi. Wakalipiga alama za vidole gumba kwa wino mwekundu, wakalipeleka tarafani: tunawaomba wakubwa wetu mumfukuze kazi mwenyekiti huyu.

Guizhi alikuwa miongoni mwa waliolipeleka, kwa sababu siku za soko alikwenda tarafani kuuza tofu, na ombi lilisafiri kwenye kikapu chake likiwa limefungwa kitambaa kikavu. Alisimama mbele ya meza ya ofisa mmoja wa kike aitwaye Miao, mikono ikinuka maziwa ya soya.

Ofisa Miao alisoma, akanywa chai, akasoma tena.

"Tumfukuze sisi? Kwani tulimwajiri sisi?"

Akaligonga ombi kwa ukucha.

"Mlimchagua wenyewe. Neno mliloliandika hapa ni la mkubwa kumwondoa mdogo wake aliyemweka mwenyewe. Mtu wa kuchaguliwa haondolewi kwa neno hilo. Neno lake ni bamian, na wa kulitumia ni nyinyi, si mimi." Akalisukuma lile ombi lirudi upande wao wa meza. "Nendeni mkamvue wenyewe madaraka mliyompa."

Hakulisema kuwasaidia. Alilisema ili watoke. Wenye ofisi wana tabia ya kukuonyesha mlango wakijua huna miguu.

Njiani kurudi walicheka, kicheko cha watu waliokosa la kusema. Heizi, mwenye mabega mapana kuliko wote kijijini, alisema neno hilo amelisikia redioni tu, wanapoondolewa mawaziri kule Beijing. "Hilo neno limevaa viatu vya ngozi," akasema. "Likija kwetu litaingia matope mpaka magotini."

"Liseme basi," mmoja akamchokoza.

"Nilisemee nini? Linivunje jino?"

Guizhi hakucheka. Alikuwa akiwaza mlima.

Maana kila mtu alikuwa na wafu wake kule juu, lakini Guizhi alikuwa na mtu mmoja aliye hai mwenye nafasi yake kule, na mtu huyo alikuwa njiani kwenda. Mavyaa yake, Bibi Hao, alikuwa amebaki mifupa na macho. Mumewe Bibi Hao alipozikwa, kaburi lilichimbwa la watu wawili, upande mmoja ukazibwa kwa matofali umsubiri. Mume wa Guizhi naye alilala hatua chache chini yao. Jeneza la bibi lilikuwa tayari miaka mingi, limepakwa rangi nyeusi, limekaa chumba cha pembeni likihifadhi maharage ya soya. Kilichobaki kilikuwa mlima tu, na mlima ulikuwa ukiliwa. Tingatinga lilikuwa limefika matuta machache chini ya makaburi ya akina Hao, na kila mchana baruti ilipolipuka, maharage yalitikisika ndani ya jeneza, na bibi kizee akauliza kitandani kwake, "Wamefika?"

"Bado, Mama."

"Nisije nikafika mimi halafu pasiwe na pa kufikia."

Mwalimu Shang ndiye aliyewafungulia lile neno. Alikuwa mstaafu, aliyefundisha nusu ya kijiji kusoma na nusu nyingine kuruka mazoezi ya asubuhi. Aliwakusanya kwenye kinu cha Guizhi cha kusagia soya, mahali penye joto.

"Si neno la hasira," alisema. "Hasira mnaijua, haihitaji kufundishwa. Ukitaka kumvua mtu madaraka kwa neno hili, kwanza wapiga kura wa kutosha waweke vidole vyao kwamba wanataka kura ipigwe. Pili, mseme sababu mbele yake, si nyuma ya kinu. Tatu, yeye ajitetee, na mmsikilize. Halafu mnapiga kura ya siri. Wakikubali wengi, basi, hayupo. Hakuna wa kumwomba."

"Tarafa je?"

"Tarafa inaleta mtu wa kukaa kiti cha pembeni na kuangalia."

"Na asiponyanyuka?"

"Kura ikishapita, hata akikaa, amekaa bure kama chungu."

Kuna kitu cha kutisha katika kuambiwa kwamba kufuli uliyoililia miaka yote, ufunguo ulikuwa mfukoni mwako. Unaanza kujiuliza ulikuwa unalia nini. Na wengine, afadhali waendelee kulia kuliko kujiuliza.

Vidole vilipatikana. Siku ikapangwa. Mwalimu Shang akakubali kusimama kutaja sababu na kulitamka neno, na Guizhi akarudi kwenye tofu yake akiwa na moyo mwepesi, mpaka Baocang alipokuja.

Alikuja mchana, bila hasira, ameshika mfuko wa mapera ya mgonjwa. Alikuwa binamu wa marehemu mumewe, na Bibi Hao kwake alikuwa mama mdogo. Mashavu yake yalinenepea uji wa nyumba hiyo alipokuwa mtoto. Akakaa pembeni ya kitanda, akamvalisha bibi kizee soksi iliyomtoka mguuni, akazungumza naye habari za kuku. Kisha akatoka uani.

"Shemeji," alisema, "nimesikia na kidole chako kipo."

"Kipo."

"Mimi sina neno. Kila mtu ana kidole chake." Akatazama mlango wa chumba cha jeneza. "Mama mdogo hana siku nyingi. Utakuja kunigongea, shemeji, na mimi nitafungua. Lakini wale vijana wanane wa kubeba jeneza, si mimi ninayewabeba mabegani. Wanakuja kwa sababu wananisikia. Nikishakuwa si mtu, nitawaita kwa mdomo gani?"

Hapo ndipo Guizhi alipomwelewa. Kule Liushugou mtu akifa, mfiwa hufunga kitambaa cheupe kichwani, huenda mpaka mlango wa Baocang, hapigi hodi kwa mkono ila kwa magoti. Anapiga magoti nje ya kizingiti, na Baocang anatoka, anamnyanyua, anapiga upatu. Wanane wanakuja. Gari haipandi Mgongo wa Kaskazini. Njia ni nyembamba na ina kona moja mbaya ambapo mbebaji wa upande wa nje hutembea kisigino kikiwa hewani. Wanane hao hawajawahi kuinua jeneza bila sauti ya Baocang kuita hatua. Baba yake aliita kabla yake. Alipoulizwa amfundishe mtu mwingine, alisema bado ana nguvu. Mtu anayeshika vifo vya kijiji hahitaji kushika kitu kingine.

"Unanitisha, shemeji?" Guizhi aliuliza.

"Nakukumbusha," alisema Baocang, akaenda zake taratibu.

Kuanzia hapo Guizhi hakulala vizuri wala hakula vizuri. Alikoroga maziwa ya soya akitamka lile neno polepole, ba-mian, ba-mian, hata mvuke ukawa unalijua, na kila alipolitamka aliliona jeneza liko uani na ua ni mtupu. Akinyamaza, mama atabebwa vizuri mpaka juu, azikwe, na kabla udongo haujatulia tingatinga limfukue. Akisema, mlima utabaki, na mama abaki nyumbani akioza. Alizipima pande zote mbili kila siku, na kila siku mizani ilimpiga usoni.

Alimwuliza bibi kizee mwenyewe, kwa kuzunguka. "Mama, watu wangesemaje tukimwondoa Baocang?"

Bibi Hao alifumba macho kwa muda mrefu hata Guizhi akadhani amelala. "Alikuwa mtoto mzuri," akasema. "Alikuwa anaiba maharage, ukimuuliza anakwambia ni panya. Nilimwachia. Nilifikiri ataacha mwenyewe."



Siku mbili kabla ya mkutano, watu wakiwa wamekusanyika kinuni, mke wa Mwalimu Shang alikuja na uso uliokwisha kujieleza. Mwalimu koo limemwuma. Hana sauti kabisa, hata paka hamwiti.

"Jana si nilimsikia akigombana na fundi wa bomba?"

"Ndiyo lilipoumia, hapohapo."

Wote walijua mjukuu wa Shang ameajiriwa tarafani, ajira ya kujaribiwa kwanza. Hakuna aliyemtukana. Waliangaliana tu, kisha, kama kuku wanaogeukia punje moja, wakamwangalia Guizhi.

"Mbona mimi?"

"Kwa sababu wewe umelitamka mpaka tunalisikia barabarani," alisema Heizi. "Na mimi ni mmoja wa wanane, dada. Nikisimama mimi, atasema wabebaji wamegoma."

"Na utakuja kubeba?"

Heizi alichunguza viatu vyake. "Sijui," alisema. Angalau hakudanganya.

Asubuhi ya mkutano, kabla jua halijapanda ukuta, Bibi Hao alikataa uji. Alimshika Guizhi kiganja, akauliza kama wamefika, na Guizhi akasema bado, Mama. Bibi kizee akasema, "Basi mimi natangulia," na ikawa hivyo, bila kelele, kama mtu aliyetoka kufunga kuku.

Guizhi alifanya yanayotakiwa. Alimwosha uso, akamvalisha nguo za safari zilizokuwa zimeshonwa siku nyingi, akawaita majirani wawili wa kike, wakamwaga maharage kutoka kwenye jeneza wakamlaza. Alimpigia mwanawe simu, aliyekuwa kusini kiwandani, treni mbili na basi. Mwanawe alilia akasema atajitahidi. Kisha akafunga kitambaa cheupe kichwani, akashona vipande vyeupe kwenye ncha za viatu, akatoka.

Njia panda ya kisima ina pande mbili. Kushoto ni kwa Baocang. Kulia ni ukumbi wa kijiji, ambako watu walikuwa wameanza kukaa. Guizhi alisimama pale muda usio na adabu. Magoti yake yalijua kushoto. Magoti yana kumbukumbu kuliko kichwa. Yalikuwa yamepigwa pale siku ya mumewe, na yalitaka kwenda tena, yaishe. Akipiga magoti asubuhi hii, hawezi kusimama mbele yake ukumbini. Hakuna mtu wa Liushugou ambaye asingejua hivyo, na Baocang kuliko wote.

Akaenda kulia.

Lakini mfiwa havuki kizingiti cha nyumba isiyo yake, na ukumbi si nyumba yake. Akasimama mlangoni, nje, jua mgongoni. Waliokaa nyuma walikiona kile kitambaa cheupe kwanza, wakanyamaza; kimya kikasogea mbele safu kwa safu mpaka kikafika meza kuu, alipokaa Baocang, na pembeni yake Ofisa Miao na chupa yake ya chai.

Baocang aliinuka nusu. "Mama mdogo?"

"Alfajiri."

Uso wake ulifanya kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Midomo ilitetemeka kweli. Kisha macho yakahesabu: alfajiri, kitambaa, njia, mlango.

"Na hukuja kwangu," alisema.

"Sikuja."

Ofisa Miao akauliza kama mkutano uahirishwe kwa heshima ya msiba. Wengi wangefurahi. Kuahirisha ni dawa tamu, na kijiji hicho kimenyweshwa dawa hiyo tangu enzi za babu zao. Kila jambo liliahirishwa mpaka likafa likazikwa bila kubebwa na mtu.

"Usiahirishwe," alisema Guizhi. Sauti ilitoka nyembamba. "Marehemu ndiye mwenye shauri. Nitasemea hapahapa nilipo."

Akataja sababu. Mlima ni wa wote; umekodishwa bila mkutano; makaburi ya akina Fang yameanguka kwenye mvua ya pili tu tangu uchimbaji uanze; mwenye kuuliza aliambiwa anachafua jina la kijiji. Alisema bila mpangilio, akarudia mengine, mahali pamoja akasahau akanyamaza hadi watu wakaanza kukohoa. Kisha akasema, "Sasa yeye aseme. Ni haki yake. Na tumsikilize."

Baocang hakutaja mlima. Alisimama akawatazama mmoja mmoja, akaanza kutaja majeneza.

"Heizi, baba yako. Siku ya barafu. Nani aliita hatua kwenye kona?"

Heizi aliinamisha kichwa.

"Mzee Fang, mkeo alikuwa mzito, Mungu amrehemu, tulipumzisha wapi? Hatukupumzisha. Jeneza halikugusa chini. Wewe, Cuiping, mapacha wako wadogo, niliwabeba mwenyewe, mmoja huku mmoja huku, sikumwita mtu." Sauti yake ilipasuka, na haikuwa ya kuigiza. "Leo mnaniambia mlima. Nani aliwapandisha watu wenu mlima huo?"

Ukumbi mzima ulikuwa ukitazama viatu. Guizhi aliona kura zikimwagika sakafuni kama maharage. Kila alichosema Baocang kilikuwa kweli. Huo ndio ujanja wa watu wa namna yake, hawakuibii na kukupiga. Wanakuibia na kukuzikia mama yako, kisha unabaki hujui pa kuweka hasira.

"Ni kweli," alisema kutoka mlangoni. Wakageuka. "Ulimbeba mume wangu. Nilikupigia magoti na nilishukuru, na leo bado nashukuru. Lakini kubeba tulikushukuru kwa magoti, shemeji. Uenyekiti tulikupa tukiwa tumesimama, kwa kura. Usivichanganye. Uliwapandisha watu wetu mlimani, halafu ukauza mlima wakiwa juu yake."

Mtu mmoja aliguna.

"Siiombi tarafa imfukuze. Simwombi yeye aondoke. Nasema sisi tuliomweka, tumvue. Bamian." Neno lilitoka sawasawa, na halikuvunja jino la mtu. "Kura ya siri. Kila mmoja na moyo wake."

Walipiga kura nyuma ya pazia la kitambaa cha meza. Guizhi aliletewa karatasi yake nje, na sanduku likatolewa mlangoni, naye akaitumbukiza. Ofisa Miao alisimamia kuhesabu, na alipomaliza alisafisha miwani, akahesabu upya yeye mwenyewe. Kisha akasoma kwa sauti kavu kwamba waliokubali wamewazidi waliokataa, na kwamba kuanzia hapo Tian Baocang si mwenyekiti wa Liushugou.

Hakuna aliyeshangilia. Watu walitoka haraka, wakipita pembeni ya Guizhi bila kumgusa, kama walioiba.

Siku ya tatu ndiyo ya kuzika. Upatu haukupigwa. Guizhi alikaa uani tangu giza linaachia, mwanawe aliyefika na vumbi la basi akiwa ameshika picha ya bibi yake, na miti ya kubebea ikiwa imeegemezwa ukutani. Jua likagusa paa. Ua ulikuwa vilevile alivyouona kwenye mvuke wa soya. Mtupu.

Kisha Heizi akaingia, peke yake, akanung'unika kwamba amemwambia mkewe anakwenda kutafuta mbuzi. Akachukua mti wake wa mbele. Akaja wa pili, akashtuka kumwona Heizi. Wa tatu alipitia nyuma, kwenye choo. Kila mmoja alikuja akidhani yuko peke yake, na kila mmoja aliona haya kwa sababu yake mwenyewe. Wakatimia wanane. Wakafunga kamba, wakaingiza mabega chini ya miti.

Na hapo wakasimama.

Walikuwa wakisubiri sauti. Hata hawakujua kwamba wanasubiri. Jeneza likiinuliwa halishuki mpaka kaburini, na wanane wasioinuka pamoja huliangusha. Shingo zikageuka kidogo kuelekea lango, kwa maana Baocang alikuwa pale, ndani ya msafara, mwishoni kabisa, amevaa cheupe cha mtoto wa ndugu. Hakuna aliyeweza kumzuia kumzika mama yake mdogo. Mikono yake ilikuwa mbele ya tumbo. Mdomo ulikuwa umefungwa.

Alikuwa anasubiri kuombwa.

Guizhi aliona. Neno moja tu, tafadhali shemeji, na jeneza lingepaa kama manyoya, na kesho mtu mwingine angemwomba kingine, na kura ile ingekuwa karatasi za kuwashia moto. Magoti yake yalianza kukunjika, yenyewe. Akaushika mkono wa mwanawe kwa nguvu mpaka kijana akaguna. Heizi alikuwa akitokwa jasho na bado hajabeba kitu. Mtu mmoja katika wanane akafungua mdomo, akimwelekea Baocang.

"Miguu pamoja!"

Ilitoka nje ya ukuta, sauti ya uwanja wa shule. Mwalimu Shang aliingia, skafu ya ugonjwa bado iko shingoni, uso mwekundu, hamwangalii Guizhi.

"Koo limepona, Mwalimu?" aliuliza Heizi kutoka chini ya mti.

"Limepona kidogo. Nyamaza, nyoosha mgongo. Mnakumbuka mazoezi ya asubuhi? Nikisema moja, magoti. Nikisema mbili, juu."

"Hivyo sivyo anavyoitaga," mmoja akanong'ona.

"Sivyo," alisema Mwalimu. "Moja."

Magoti ya wanane yakakunjika.

"Mbili."

Jeneza likaachana na ardhi. Liliyumba upande wa kushoto, mtu akaapa, bega likasogea, likakaa. Wakatoka langoni kwa hatua za watoto wa darasa la kwanza, wakimpita Baocang, ambaye alilazimika kusogea ukutani ili njia itoshe.

Mlima ulikuwa mbele, na kona ilikuwa mlimani, na Guizhi alikuwa na hofu ya kona hiyo kuliko ya kitu chochote duniani. Alitangulia akirusha pesa za karatasi za marehemu upeponi, akisikiliza nyuma yake ile sauti ya kukwaruza ikihesabu vibaya, moja, mbili, moja, mbili, na miguu ya watu ikiifuata.